Jinsi ya Kununua na Kutunza Gitaa la Klasiki la Kale Lililotengenezwa kwa Mkono Japani: Mwongozo Kamili

Gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, lililotoka kwa fundi wa Japani kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, lina ubora ambao leo ni shida kuupata kwenye gitaa jipya la bei hiyohiyo. Miaka ile gitaa lilikuwa limewakolea Wajapani. Wanafunzi walijaa kwenye vikundi vya gitaa vyuoni, karakana zilielemewa na oda, na mbao nzuri zilikuwa bado zinapatikana. Wanafunzi wale sasa ni wazee. Wanahamia nyumba ndogo, familia zinapunguza vitu, na magitaa yaliyokaa kabatini miaka 40 yanaingia mnadani.

Kwa hiyo magitaa yapo. Kazi ni kuchagua, na hapo ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu wanafuata jina. Ushauri wangu, ambao utauona ukijirudia humu: angalia mwaka kwanza, kisha shingo, halafu ndiyo uulize gitaa ni la nani. Gitaa la fundi mashuhuri lenye shingo iliyopinda litakumalizia fedha kuliko gitaa la karakana ya kawaida lililonyooka, na la pili litakupigia vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Wafahamu mafundi, hata kwa uchache

Gitaa la klasiki lilianza kuchukuliwa kwa uzito Japani Andrés Segovia, mpigaji mkubwa wa Hispania, alipokwenda kupiga huko mwaka 1929. Miongoni mwa waliovutwa na wimbi hilo ni Sakazo Nakade, aliyezaliwa 1906, ambaye aliingia kwenye ufundi kupitia violini. Jina la Nakade limebebwa na ndugu na watoto wake pia, hivyo ukiliona kwenye lebo soma jina la kwanza kwa makini. Sakazo, Rokutaro, Toshihiko na Yukio ni watu tofauti, na bei zao hazilingani.

Anayejulikana zaidi nje ya Japani ni Masaru Kohno, aliyezaliwa 1926 na kufariki 1998. Alianza kutengeneza magitaa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa kujifundisha mwenyewe. Mwaka 1960 akaenda Hispania na kukaa karibu na fundi Arcángel Fernández mjini Madrid, akimtazama anavyofanya kazi. Aliporudi Tokyo, magitaa yake yalibadilika kabisa. Mwaka 1967 alipata medali ya dhahabu kwenye mashindano ya mafundi huko Liège, Ubelgiji, mbele ya majaji ambao wenyewe walikuwa mafundi wakubwa wa Ulaya, akiwemo Ignacio Fleta. Kuanzia hapo Ulaya na Marekani zilimtambua. Karakana yake ilirithiwa na mpwa wake, Masaki Sakurai, na ndiyo maana utakutana na lebo zenye jina la Kohno, za Sakurai, na nyingine zenye majina yote mawili.

Yamaha wa Hamamatsu walikwenda njia nyingine: waliwaleta walimu nyumbani. Eduardo Ferrer wa Granada alialikwa miaka ya 1960, na Manuel Hernández, mmoja wa mafundi wawili wa karakana ya Hernández y Aguado ya Madrid, akafuata miaka ya 1970. Matunda yake ni mfululizo wa magitaa ya GC yaliyotengenezwa kwa mkono. Usiyachanganye na magitaa ya G na CG ya kiwandani, ambayo ni mazuri kwa kujifunzia lakini hayamo kwenye kundi hili.

Kwa mfuko wa kawaida, tafuta Ryoji Matsuoka, Asturias ya mji wa Kurume, na Kazuo Yairi wa mkoa wa Gifu. Mtu akiniuliza gitaa lake la kwanza la Kijapani liwe lipi, humtajia Matsuoka la daraja la kati la miaka ya 1970 bila kusita. Yapo mengi, kwa hiyo una nafasi ya kukataa mabovu na kusubiri zuri.

Hatua ya 2: Soma namba pamoja na mwaka

Hii ndiyo siri ya soko lote. Mafundi wengi wa Japani waliyaita magitaa yao kwa bei yake ya wakati huo. Kohno No. 10 liliuzwa yen 100,000, yaani namba inahesabu makumi elfu. Matsuoka M30 liliuzwa yen 30,000, maana yeye anahesabu maelfu. Hivyo 30 ya Kohno na 30 ya Matsuoka zinapishana mara kumi. Wapo wauzaji nje ya Japani wasiolijua hili, na wapo wanaolijua wakanyamaza.

Lakini namba peke yake haitoshi, kwa sababu yen ya 1970 si yen ya 1980. Mwaka 1970 kijana aliyetoka chuo kikuu Japani alianza kazi kwa mshahara wa takriban yen 40,000 kwa mwezi. Gitaa la yen 100,000 lilikuwa mshahara wa zaidi ya miezi miwili. Ilipofika 1975 mshahara huo wa kuanzia ulikuwa umeshapanda zaidi ya mara mbili, kwa hiyo gitaa la yen 100,000 la mwaka huo lilikuwa limeshuka daraja ingawa namba ni ileile. Ukikuta magitaa mawili ya No. 10, moja la 1969 na jingine la 1979, yote yakiwa na afya, la 1969 lilikuwa juu zaidi kwenye orodha ya karakana wakati wake. Kwa hiyo bei moja kwa yote mawili si bei ya haki.

Mwaka utaupata kwenye lebo ndani ya tundu la sauti. Mara nyingi umeandikwa kwa tarakimu za kawaida, lakini wakati mwingine umeandikwa kwa kalenda ya mfalme. Enzi ya Showa, 昭和, ilianza 1926, basi chukua mwaka wa Showa ujumlishe 1925: Showa 45 ni 1970, Showa 52 ni 1977. Enzi ya Heisei, 平成, ilianza 1989, jumlisha 1988. Magitaa mengi ya Kazuo Yairi yana stempu ya tarakimu nne kwenye kipande cha mti cha ndani, pale shingo inapoungana na mwili. Mbili za kwanza ni mwaka wa Showa, mbili za mwisho ni mwezi. Stempu ya 5003 inasema Machi 1975. Omba picha ya stempu hiyo hata kama lebo imefifia.

Hatua ya 3: Hakikisha limetengenezwa kwa mkono kweli

Neno hili lilitumika kwa upana mno. Kuna gitaa lililotengenezwa na fundi mmoja tangu ubao wa kwanza hadi vanishi. Kuna lililotengenezwa na karakana ya watu wachache chini ya fundi mkuu, kama ilivyokuwa kwa mengi ya Kohno, na hilo halina aibu yoyote. Na kuna la kiwandani lililobandikwa lebo ya fundi maarufu aliyetoa ushauri tu. Kwenye lebo za namna hii ya mwisho utaona alama 監修, kanshū, maana yake fundi alisimamia. Ukiiona, lipia bei ya gitaa la kiwanda.

Kisha angalia mbao. Uso wa gitaa lazima uwe wa ubao imara wa mti mtupu, si plaiwudi. Mjapani huandika 単板, tanpan, kwa ubao imara na 合板, gōhan, kwa plaiwudi. Usikubali maneno matupu. Omba picha ya karibu ya ukingo wa tundu la sauti: kwenye ubao imara mistari ya mti unaoiona juu inashuka moja kwa moja kwenye unene wa ukingo, na kwenye plaiwudi utaona tabaka zilizolaliana. Kwa mgongo, tafuta alama yoyote ya pekee, mstari mweusi au jicho la mti, halafu uitafute ndani kupitia tundu. Ikiwa nje ipo na ndani hakuna kitu, mgongo ni plaiwudi. Matsuoka ya namba za chini mengi yana uso imara na mgongo wa plaiwudi. Hayo ni magitaa ya heshima kabisa, mradi usilipe kama kila kitu ni imara.

Uso utakuwa wa sprusi au mwerezi. Wajapani huandika 松, matsu, kwa sprusi, na 杉, sugi, kwa mwerezi. Sprusi ni nyeupe, ikizeeka inakuwa na rangi ya asali, na sauti yake ni safi, kila noti inajitegemea. Mwerezi ni wa kahawia, sauti yake ina joto na inatoka haraka, ila ni laini hata ukucha unaacha alama. Mtindo wa mwerezi ulitoka kwa fundi José Ramírez wa tatu wa Madrid katikati ya miaka ya 1960, na Japani ikaufuata. Yeye pia ndiye aliyeeneza urefu wa nyuzi wa milimita 664, ndiyo maana magitaa mengi ya Kijapani ya miaka hiyo yana 655, 660 au 664 badala ya 650 iliyozoeleka leo. Mwenye vidole vifupi atausikia urefu huo. Pima kutoka mfupa wa shingoni, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi karibu na kichwa, hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), zidisha mara mbili. Ukipata 325 ni la 650, ukipata 332 ni la 664.

Hatua ya 4: Mbao na pembe zinazoweza kukufikisha mahakamani

Magitaa ya bei kubwa ya zama hizo yana mgongo na mbavu za mti wa Brazili ambao Wajapani huuita hakaranda, ハカランダ. Si ule mjakaranda wa maua ya zambarau uliopandwa kando ya barabara za Nairobi. Huu ni Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu, ambao nao ni Dalbergia. Tangu Juni 1992 mti huu uko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na gitaa lake haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali, hata liwe na miaka 50. Rozwudi za India na nyingine za ukoo wa Dalbergia ziliwekewa masharti mwaka 2017, lakini ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo Novemba 2019. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, achana na hakaranda. Rozwudi ya India inatoa sauti nzuri sana.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Baadhi ya magitaa ya kifahari ya Kijapani yaliwekwa mifupa ya pembe za ndovu, yaani vile vipande vyembamba vinavyobeba nyuzi, shingoni na kwenye daraja (kile kipande cha mbao usoni pa gitaa ambako nyuzi hufungwa), na muuzaji huliandika kama sifa: 象牙, zōge. Kuingiza hata kipande kidogo cha pembe Kenya au Tanzania ni kosa la jinai. Kama gitaa unalipenda, sharti pembe itolewe huko huko Japani na kuwekwa mfupa wa ng'ombe, 牛骨, kabla halijafungwa. Mfupa wa ng'ombe unafanya kazi ileile, na ukiharibika unapata mwingine popote.

Hatua ya 5: Kutafuta na kununua

Soko kubwa liko kwenye Yahoo! Auctions ya Japani na Mercari ya Japani, pamoja na maduka ya vitu vilivyotumika. Wauzaji wengi hawasafirishi nje, kwa hiyo utahitaji wakala anayenunua kwa niaba yako, anapokea mzigo kwenye ghala lake Japani, kisha anautuma. Buyee na ZenMarket ni mawakala wanaotumika sana. Aliyewahi kuagiza gari kutoka Japani ataona utaratibu haumgeni: mnada, wakala, ada ya wakala, usafiri, forodha. Tofauti ni kwamba gitaa halina karatasi ya mnada yenye alama za ukaguzi. Ukaguzi unaufanya wewe, kwa picha na maneno ya muuzaji.

Nakili maneno haya uyabandike kwenye sehemu ya kutafutia. クラシックギター ni gitaa la klasiki, na 手工 ni kazi ya mkono. Kwenye maelezo, 割れ, ware, ni ufa. ネック反り ni shingo iliyopinda: 順反り, junzori, imepinda kuelekea nyuzi, na 逆反り, gyakuzori, imepinda kwenda nyuma. ブリッジ浮き ni daraja lililobanduka. 弦高, genkō, ni kimo cha nyuzi. 現状品 maana yake linauzwa kama lilivyo. ジャンク, janku, ni bovu au halijakaguliwa. Fundi anaweza kuokota lulu humo, wewe uliye mbali na gitaa usijaribu. ノークレームノーリターン maana yake ukishalipa hakuna malalamiko wala kurudisha, na utaiona karibu kila mahali.

Programu ya tafsiri kwenye simu itakusaidia kwa sentensi, lakini maneno haya ya kifundi mara nyingi inayavuruga, ndiyo maana nasema uyajue kwa sura. Na kwenye bajeti yako tenga angalau theluthi kwa wakala, usafiri, kodi na marekebisho.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa shingo

Hapa tulia. Gitaa la klasiki la zama hizo kwa kawaida halina chuma cha kurekebisha ndani ya shingo kama magitaa mengi ya nyuzi za chuma. Shingo ni mti na ubao wa vidole, ule wenye freti, basi. Nyuzi zimeivuta miaka 40 au 50, na gitaa likiachwa kabatini na nyuzi zimekazwa, shingo inasogea mbele kidogokidogo. Kimo cha nyuzi kinapanda, mwenye gitaa anaukata mfupa wa daraja ili kukishusha, shingo inasogea tena, anaukata tena. Mwishowe mfupa umekwisha na nyuzi bado ziko juu. Gitaa la namna hiyo kwenye picha ya mbele linang'aa kama jipya.

Unahitaji namba mbili kutoka kwa muuzaji. Ya kwanza ni kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, yaani nafasi kati ya mgongo wa freti na sehemu ya chini ya uzi. Kwa klasiki, uzi wa sita, ule mnene, uwe milimita 4 hadi 4.5, na uzi wa kwanza, ule mwembamba, uwe 3 hadi 3.5. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kiasi gani cha mfupa wa daraja kimejitokeza juu ya mbao za daraja. Namba ya kwanza bila ya pili haikuambii lolote.

Hesabu inakwenda hivi. Ukitaka kushusha nyuzi milimita 1 kwenye freti ya 12, lazima uukate mfupa wa daraja milimita 2, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi. Na mfupa ukibaki chini ya milimita 2 juu ya mbao, uzi haupindi vya kutosha kuuminya mfupa na sauti inanyong'onyea. Sasa chukua gitaa ambalo uzi wa sita uko kwenye 5, na mfupa umejitokeza 3. Unataka 4. Utakata 2, utabaki na 1. Haitoshi. Gitaa hilo linahitaji kazi ya shingo, liache. Gitaa jingine lina 5 hiyohiyo, lakini mfupa umejitokeza 6. Ukikata 2 unabaki na 4, na ni kazi ya nusu saa kwa msasa na rula. La pili ndilo la kununua, hata kama la kwanza limeandikwa jina kubwa.

Kisha upimwe mpindo wenyewe. Ubonyezwe uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya 12 kwa pamoja, itazamwe nafasi kati ya uzi na freti ya 6. Nafasi ya karatasi moja hadi tatu ni sawa na inatakiwa, maana uzi unahitaji mahali pa kutikisika. Kama kadi ya benki inapita bila kuugusa uzi, mpindo umezidi: kadi hiyo ina unene wa milimita 0.76. Kama uzi umelala juu ya freti zote bila nafasi yoyote, huenda shingo imepinda kinyume, na nyuzi zitavuma.

Omba pia picha iliyopigwa kutoka kichwani, kamera ikiwa usawa wa ubao wa vidole ikitazama daraja. Mstari wa ukingo wa ubao uende sawa. Ukiona upande mmoja unanyooka na mwingine unazama, shingo imejisokota, na msokoto ni bora kuuogopa kuliko mpindo. Mafundi wa Japani hunyoosha mpindo kwa kifaa cha joto wanachokiita airon, アイロン, ambacho hulainisha gundi ya ubao wa vidole huku shingo ikibanwa. Muuzaji akisema shingo ilinyooshwa hivyo zamani na imekaa, ni vizuri. Akisema imenyooshwa wiki iliyopita, subiri la mwingine, kwa sababu shingo nyingine hurudi.

Hatua ya 7: Sehemu nyingine za kukagua

Nyufa za uso zinazofuata mistari ya mti, zikiwa zimebandikwa vizuri na kutiwa viraka kwa ndani, hazizuii sauti nzuri. Zitumie kupunguza bei. Nyufa nyembamba za vanishi tu, zinazokatiza mistari ya mti, ni za uzee. Ufa unaopita chini ya daraja ni mwingine kabisa, uache. Daraja likaguliwe kwa karatasi nyembamba upande wa nyuma: ikiingia, gundi imeachia. Freti zenye mashimo chini ya nyuzi tatu za kwanza zinaonyesha gitaa lilipigwa sana, na mara nyingi gitaa lililopigwa sana ni lile lililopendwa.

Mashine za kukazia nyuzi zikiwa mbovu, pima kabla ya kuagiza nyingine. Umbali wa kawaida kati ya kitovu cha nguzo moja na ya pili ni milimita 35, ila baadhi ya magitaa ya zamani ya Kijapani yana 39, na za 35 haziingii.

Vanishi usiiguse hata kama imechakaa. Baadhi ya karakana zilitumia rangi inayotengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, ngumu na yenye kina, na watu wa Mtwara na Lindi watafurahi kujua ganda wanalolijua kwa kuunguza vidole linalinda magitaa ya wapigaji wa kumbi kubwa. Kuikwangua na kupaka upya kunashusha thamani na mara nyingi kunaharibu sauti.

Hatua ya 8: Kulifungasha na kulipitisha forodhani

Mwelekeze wakala kwa maandishi: nyuzi zilegezwe lakini zisitolewe, kitambaa kiwekwe kati ya nyuzi na freti, karatasi zijazwe chini ya kichwa na kando ya shingo ili gitaa lisicheze ndani ya kesi, kisha kesi iwekwe ndani ya boksi. Kichwa ndicho huvunjika boksi likianguka kifudifudi. Lipe bima. Lipite kwa ndege. Kontena kwenye jua la bahari kwa wiki nyingi hulainisha gundi.

Forodhani, magitaa yako kwenye kifungu namba 9202. Mpe wakala wako namba hiyo akuambie ushuru wa siku hiyo kabla hujanunua. Juu ya ushuru kuna kodi ya ongezeko la thamani, 18% Tanzania Bara na Uganda, 16% Kenya, na inakokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru wenyewe. Andika bei ya kweli. Bima hulipa kile ulichokiandika.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza hadi wiki ya pili

Boksi likifika, usilifungue kwa haraka. Liache ndani ya chumba siku nzima ili mti upate joto la nyumba polepole. Ukilifungua, piga picha kila upande kabla ya kugusa kitu. Kaza nyuzi za zamani nusu ya njia, liache usiku kucha, kesho yake ulipandishe hadi sauti kamili. Lisikilize siku tatu nne kabla ya kupima, kwa kuwa shingo iliyolegezwa inachukua muda kurudi mahali pake. Baada ya hapo ndipo upime upya zile namba mbili za hatua ya 6 na ulinganishe na ulizoambiwa.

Weka nyuzi za nailoni za mvuto wa kawaida au mdogo, kamwe si za chuma. Nasisitiza kwa sababu kwetu gitaa limekuwa la nyuzi za chuma tangu enzi za dansi na rumba, na duka la mtaani likikosa nailoni litakupa chuma kwa nia njema. Seti ya nailoni inavuta takriban kilo 40 kwa jumla. Ya chuma, hata nyepesi, inakaribia au kuzidi kilo 70. Mbao za uso wa klasiki zina unene wa milimita mbili na kidogo tu, na daraja limeshikwa na gundi pekee. Agiza seti kadhaa za nailoni pamoja na gitaa, na ukimwazima mtu mweleze mapema.

Ukiukata mfupa wa daraja, usiukate ule wa asili. Uhifadhi kwenye kesi, chonga mpya. Siku utakapoliuza, mnunuzi makini atauulizia.

Hatua ya 10: Hali ya hewa yetu

Mti unataka unyevu wa hewa wa kati ya 45% na 60%. Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali ukiweke ndani ya kesi. Ni rahisi na kitakuambia ukweli kuliko hisia za ngozi yako. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, unyevu hukaa juu ya 70% miezi mingi. Uso unavimba, kimo cha nyuzi kinapanda, sauti inakuwa nzito. Weka pakiti za silika kwenye kesi, uzikaushe jikoni kwa moto mdogo zinapojaa maji, na gitaa lirudi kwenye kesi kila unapomaliza kupiga. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana ni kibaya zaidi kuliko chumba kisicho nacho, kwa kuwa mti unavutwa huku na kule kila siku.

Dodoma wakati wa kiangazi, au Nairobi miezi ya Januari na Februari, hatari inageuka: mti unakauka na kupasuka. Hapo weka kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye sifongo lililoloweshwa na kukamuliwa vizuri, ndani ya kesi karibu na kichwa. Ukisafiri na gitaa kutoka pwani kwenda bara, fanya hivyo siku ya kwanza, usisubiri freti zianze kuchoma kiganja pembeni mwa shingo. Hiyo ni dalili kwamba ubao wa vidole umeshasinyaa.

Gari lililofungwa juani linapita nyuzi joto 60 bila shida, na gundi za zamani huachia kwa joto kama hilo. Kama unaingia dukani kwa dakika kumi, ingia nalo.